Ukitaka mtafiti wa mbegu akusaidie kweli, usiende mikono mitupu

Wadau habari za huko, na nyie wa Iringa na Njombe kamwene. Naandika hii kwa sababu kila ikifika Oktoba simu yangu haipumziki, mtu anapiga "katibu, hivi mtaalamu wa mbegu nampata wapi, huyu wa dukani ananichanganya", na mimi sio mtaalamu wa chochote, ni mkulima tu wa Umalila, huku milimani Mbeya, katibu wa kikundi. Ila tumefanya kazi na watafiti misimu mitatu sasa na tumeshaharibu vya kutosha kujua watu wanakosea wapi.

Kosa la kwanza ni kudhani wataalamu wote ni kitu kimoja. Sio. Kuna mgunduzi wa mbegu, huyu anazalisha aina mpya kwa kuchanganya mama na baba, anapanda watoto wao, anachagua, anapanda tena, anachagua tena, miaka nane mpaka kumi inakatika kitu hakijafika dukani. Kuna mtu wa bioteknolojia, huyu anakaa labu kuliko shambani, ndo anaotesha miche ya viazi na migomba kwenye chupa ili itoke bila ugonjwa, anapima virusi, anasoma vinasaba vya mmea ukiwa bado mchanga ili mgunduzi asisubiri mpaka uzae kujua kama umerithi kile anachotaka. Afu kuna mtu wa usalama wa bioteknolojia. Huyu hagundui chochote, kazi yake ni kuuliza "hiki kikitoka hapa kikaenda kule itakuwaje", na kuhakikisha mwingine hajiachii. Sasa wewe ukimfuata mtu wa labu ukamuuliza maharage yako upande kwa nafasi gani utamwonea tu, na ukimuuliza mgunduzi wa maharage habari za viazi atakujibu kwa heshima ila moyoni anajua hajui, maana hawa watu kila mmoja na zao lake. Daktari wa maharage sio daktari wa viazi. Swali lako la kwanza getini liwe "naomba kuonana na mtafiti wa zao fulani", sio "naomba mtaalamu".

Kwa huku kwetu mlango mkubwa ni TARI Uyole, kituo cha taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, pale pale Uyole Mbeya. Ukiona jina la maharage lina neno Uyole ndani yake, Uyole 84, Uyole 96, Njano Uyole, ujue yametokea pale, na mahindi ya UH6303 herufi U ni hiyo hiyo. Viazi mviringo na pareto pia ni kazi yao. Kama wewe ni wa kahawa Mbozi usipande gari mpaka Uyole, TaCRI, watafiti wa kahawa, wana kituo Mbimba hapo hapo Mbozi. Chai Mufindi kuna TRIT, watafiti wa chai, kituo kiko Ngwazi. Labu kubwa za vinasaba na virusi ziko zaidi TARI Mikocheni Dar na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, lakini mkulima wa kawaida huna haja ya kufika huko, mtafiti wa Uyole akiona sampuli yako inahitaji labu kubwa anajua njia. Na TOSCI usiwachanganye na hawa, TOSCI ni wakaguzi, wao ndo wanathibitisha kama mbegu ni mbegu, hawagundui.

Njia ya kawaida ni kupitia afisa kilimo wa kata, yeye anawasiliana na halmashauri, halmashauri na kituo. Watu wengi wanaikwepa wanaona inachelewesha. Mimi nasema ipitie, hasa kama mnataka jaribio kijijini kwenu, maana siku mtafiti hayupo ni bwana shamba huyo huyo ndo atakuja kuwaangalizia, na ukishamruka mwanzo usitegemee aje kwa furaha. Kwa swali dogo lakini nenda mwenyewe, au subiri Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, watafiti wote wanakuwa wamesimama kwenye vipando vyao na kazi yao siku hizo ni kujibu maswali. Ushauri wangu nenda mapema, tarehe mbili tatu hivi, ukienda tarehe 8 yenyewe utaishia kupigana vikumbo na watu waliokuja kula chipsi.

Kuhusu muda, hili watu hawalifikirii kabisa. Mtafiti ana msimu kama wewe. Novemba na Desemba anapanda, Februari Machi mahindi na maharage yanatoa maua ndo wakati wa kuchavusha kwa mkono, hapo hata simu hapokei. Ua la maharage linajichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka, kwahiyo akitaka kuchanganya aina mbili inabidi alifungue kwa kibanio likiwa bado bichi, atoe chavua ya ndani, aweke ya baba anayemtaka, ua moja moja, na mengi yanadondoka. Ukimkuta kwenye hiyo kazi ukamwambia "daktari naomba dakika mbili" anakuchekea tu. Nenda Agosti au Septemba, ameshavuna, ameshapima, anapanga msimu ujao, na ndo wakati anatafuta wakulima wa kuweka nao majaribio.

Haya sasa swali lenyewe. "Mbegu nzuri ni ipi" sio swali, nzuri kwa nani, wapi, ya kufanyia nini? Sisi Umalila kuna baridi, aina iliyoandikwa siku 120 kwenye pakiti ukiipanda Mbarali kwenye joto inakomaa kweli, ukiileta huku juu inakaa kaa tu mpaka unasahau lini umepanda, sababu mmea unahesabu joto, hauhesabu kalenda. Kwahiyo kabla hujaenda andika kwenye daftari: kijiji chako na kama unajua muinuko wake, tarehe uliyopanda, aina gani, ulinunua wapi, msimu uliopita hilo shamba lilikuwa na nini, mbolea gani na kiasi gani, na tatizo lilianza lini na linaanzia wapi, chini ya mmea au juu, katikati ya shamba au pembeni. Pakiti ya mbegu usitupe. Ile lebo ina namba ya loti, na hiyo namba ndo inamwezesha mtu kufuatilia mpaka shamba mbegu ilipozalishwa. Kuna mwaka mimi nilinunua mahindi kwenye duka moja mjini, yakaota nusu, nimeenda kulalamika naulizwa lebo iko wapi, lebo nilishawashia moto, nikarudi nyumbani kimya kama niliyeiba.

Sampuli. Usibebe jani moja kavu mfukoni. Chimba mmea mzima na mizizi yake na udongo kidogo, chukua mimea kama mitatu minne, mmoja unaanza kuumwa, mmoja umezidiwa, na mmoja MZIMA, huo mzima watu wanausahau na ndo mtafiti anautaka ili alinganishe. Funga kwenye gazeti, sio rambo, kwenye rambo inachemka na kuoza na ukifika unaonyesha uozo sio ugonjwa. Chuma asubuhi upeleke siku hiyo hiyo, na isiwe Ijumaa mchana. Picha piga tatu, shamba zima, mmea mmoja, na jani kwa karibu ukiweka sarafu pembeni ili ajue doa lina ukubwa gani.

Kwa wale wa viazi kuna kipimo unafanya mwenyewe kabla hujapoteza nauli. Mmea ukinyauka huku bado kijani, na udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kwenye maji, huo ni mnyauko bakteria, na hapo usiulize dawa, hakuna dawa ya kupulizia inayouponya, uliza mbegu safi utaipata wapi na hilo shamba ulipumzishe viazi na nyanya kwa misimu mingapi. Ukimfikia mtafiti na hayo majibu tayari umeshamrahisishia nusu saa, na yeye anakuona wewe ni mtu wa kufanya naye kazi.

Sasa tuje kwenye jaribio, hapa ndo nina maneno mengi.

Mkikubaliwa, mtafiti anawaletea aina tano sita hivi za mbegu kwenye vipakiti vidogo, mara nyingi vina namba tu hazina majina, na watu wanakasirika "anatuficha". Hafichi. Akiandika jina, ile aina inayosifiwa itapata samadi zaidi na palizi ya mapema. Sisi mwaka wa kwanza namba zilikuwepo na bado tuliharibu. Mzee wetu mmoja, babu nampenda sana na nikimsalimia shikamoo naisema kwa moyo, alikuwa anapita pale kila jioni, akaiona ploti namba nne inapendeza, akaenda nyumbani akaleta yuria yake mwenyewe akaiongezea "ili isituangushe". Mama mmoja akaona mapengo kwenye namba mbili akayafukia na mbegu ya nyumbani kwake kwa roho nzuri kabisa. Na ploti iliyokuwa pembeni ya njia watoto wa shule waliigeuza mahindi ya kuchoma. Mtafiti alivyokuja kuvuna aliangalia, akauliza maswali mawili, akafunga daftari. Hakutukana mtu lakini msimu mzima ulikuwa umekwenda, na petroli yake.

Kwahiyo mambo ya kukubaliana kwenye kikao KABLA mbegu haijaingia ardhini. Mbolea ni ile ile, kiasi kile kile, siku ile ile kwa ploti zote, pima kwa kifuniko cha soda kama hamna mizani. Palizi ikianza iishe ploti zote siku moja, mkishindwa basi mmalize angalau fungu moja zima (mafungu nayaeleza hapo chini). Pengo likitokea lisifukiwe kabisa, hesabu mimea iliyosimama uandike. Na jaribio lisikae njiani, au kama hamna pa kuweka, zungushieni mistari miwili ya mahindi yenu ya kawaida pembeni, hayo watoto wachume tu.

Kila aina ipandwe mara tatu, sio mara moja. Huku milimani shamba la chini kwenye mteremko lina rutuba kuliko la juu, mvua inashusha kila kitu, sasa ukipanda aina moja chini na nyingine juu umelinganisha udongo, hujalinganisha mbegu. Gawa shamba mafungu matatu kwa kufuata mteremko, fungu la juu, la kati, la chini, na kila fungu liwe na aina zote. Mpangilio ndani ya fungu msichague kwa macho, andikeni namba kwenye vikaratasi mtie kwenye kofia mtoto achomoe. Na katikati ya hizo aina mpya lazima iwepo aina yenu mnayolima sasa hivi. Bila hiyo utasema mpya imezaa, imezaa kuliko nini?

Ploti ya mahindi tuliyokuwa tunatumia ni mistari minne ya mita 5, nafasi ya sentimita 75. Lakini mnavuna miwili ya katikati tu kwa ajili ya kupima, ile ya pembeni inapata jua na mbolea ya jirani kwahiyo inadanganya. Mistari miwili ya mita 5 ni sawa na mita za mraba 7.5. Ekari ina kama mita 4,047 za mraba, gawa kwa 7.5 unapata karibu 540. Tuseme mmepata kilo 4.5 za punje kwenye hiyo mistari miwili, zidisha mara 540 ni kilo 2,430, gunia 24 za kilo mia kwa ekari. Watu wanapiga makofi hapo. Ngoja kwanza, unyevu je? Kama punje zina unyevu asilimia 20 sehemu ya huo uzito ni maji, ukirudisha kwenye asilimia 13 ya ghalani zile kilo 4.5 zinakuwa kama 4.14, na ekari inashuka mpaka gunia 22. Gunia mbili zimeyeyuka kwenye karatasi tu. Aina inayochelewa kukomaa mara nyingi inavunwa ikiwa na maji zaidi, kwahiyo bila kusahihisha unyevu itaonekana mshindi wakati sio. Kama hamna kipima unyevu tumieni chumvi, weka chumvi kavu kabisa kwenye chupa kavu ya kioo, tia punje, tikisa vizuri, chumvi ikiganda kwenye chupa bado kuna unyevu juu ya 15, isipoganda iko poa. Haitakupa namba lakini inakuambia usubiri.

Jambo lingine, wapeni wanawake siku yao ya kutathmini, peke yao, wanaume wakae pembeni. Sio siasa. Sisi wanaume tulichagua maharage yaliyozaa sana, tukayaita bingwa, kina mama wakapewa punje za rangi wakapita ploti kwa ploti kila mmoja akidondosha punje kwenye kopo la aina anayoipenda, bingwa wetu akapata punje mbili. Walishapika. Walichukua kikombe kimoja kimoja cha kila aina, maji sawa, moto sawa, bila kuloweka, saa mezani, na bingwa wetu alimaliza kuni za watu na mchuzi wake bado maji matupu. Mtafiti aliandika hilo kuliko alivyoandika mavuno yetu, maana mbegu isiyopikika hata ikizaa gunia ngapi sokoni Mwanjelwa hakuna anayeinunua, na akiligundua jambo hilo baada ya aina kuidhinishwa ni amechelewa. Kwenye mahindi waulizeni hao hao kuhusu kukoboa, punje laini inatoa pumba nyingi unga kidogo, na dumuzi anaipenda.

Matokeo yenu peke yake hayatoshi kuiingiza aina sokoni, ijulikane. Lazima ipite majaribio ya TOSCI, ipimwe kama ni tofauti na zilizopo, kama inafanana yenyewe kwa yenyewe na kama haibadiliki ikirudiwa, afu ipimwe sehemu mbalimbali kama inazaa, ndo kamati ya kuidhinisha inakaa. Msimsumbue mtafiti "mbona ile namba nne hatuioni dukani", sio yeye anayeshika mlango.

Kidogo kuhusu kurudia mbegu, maana hili linaleta ugomvi na wataalamu bure. Chotara, yaani hibridi, ukivuna ukapanda tena watoto wake wanatawanyika, huyu mrefu huyu mfupi, mavuno yanashuka, na hakuna aliyekutegea sumu, ni urithi tu unajigawa, mtawa mmoja wa zamani anaitwa Mendel aliona hivyo hivyo kwenye njegere zake miaka ya 1860. Maharage yanajichavusha yenyewe kwahiyo unaweza kurudia misimu kadhaa ukichambua vizuri na kung'oa yenye ugonjwa. Kama kikundi mnataka kuuza mbegu na sio chakula, kuna utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, mnajisajili TOSCI, mnakaguliwa shambani, mnauza ndani ya wilaya yenu. Kuuza punje ukaziita mbegu bila hapo ni kosa kisheria, Sheria ya Mbegu ni ya 2003.

Sasa GMO. Ukileta mtafiti kijijini jiandae, kabla hajamaliza salamu mtu wa nyuma atanyoosha mkono, "hizi sio zile za GMO?" Msimzomee, ni swali halali, ila liulizwe kwa mtu sahihi na kwa namna ya kupata jibu. Kwanza mjue kipi sio. Chotara sio GMO. Mgomba wa chupa sio GMO, ni kipande cha mgomba ule ule kimeoteshwa kwenye usafi. Kusoma vinasaba ili kuchagua mche sio GMO, hakuna kilichoingizwa. Kiazi kikubwa sio GMO, ni mbolea na mvua. GMO ni pale kinasaba kimetolewa kwa kiumbe kingine, kwa mfano bakteria wa udongoni, kikaingizwa kwenye mmea kwa njia za labu.

Tanzania jaribio la mahindi ya namna hiyo lilipandwa Makutupora Dodoma mwaka 2016, yalikuwa ya kuvumilia ukame na baadae ya kuzuia bungua bua, ndani ya uzio. Kabla ya hapo kanuni za 2009 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 zilikuwa zinamuwajibisha mtafiti kwa madhara hata kama hakuna uzembe, zikarekebishwa 2015 ndo ikawezekana. Novemba 2018 serikali ikaamuru yasitishwe, na Januari 2021 waziri wa kilimo akatangaza tena kuachana na hayo majaribio. Kwahiyo mtu akikwambia anakuuzia mbegu ya GMO Tunduma au Mafinga, ujue hakuna aina ya GMO iliyoidhinishwa kulimwa hapa nchini, anakudanganya kuhusu mbegu au anavunja sheria, vyote vibaya. Wanaosimamia upande wa usalama ni Ofisi ya Makamu wa Rais, Mazingira, chini ya ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa bioteknolojia, wa Cartagena, wa mwaka 2000. Na majirani zetu kila mmoja na njia yake, Zambia walikataa hata msaada wa mahindi ya GMO kwenye njaa ya 2002, Kenya wakaondoa katazo lao Oktoba 2022.

Ukipata bahati ya kukaa na mtu wa usalama wa bioteknolojia usipoteze muda kuuliza "ni nzuri au ni mbaya", atakujibu kidiplomasia. Muulize hivi. Chavua itaenda wapi, na huko kuna ndugu wa mwituni wa huo mmea? Mahindi ndugu zake wa porini wako Mexico, huku hayana, lakini mtama asili yake ni Afrika na mtama mwitu upo, kwahiyo jibu la mahindi sio jibu la mtama, na mtu anayejibu yote kwa sentensi moja hajajiandaa. Muulize jirani yangu ambaye hataki, shamba lake linalindwaje, umbali gani. Muulize baada ya kuvuna jaribio nani anarudi kung'oa yanayoota yenyewe na kwa misimu mingapi. Muulize sumu na mzio vimepimwaje na nani kalipia vipimo. Na muulize mdudu akizoea je? Hili sio la kufikirika, Afrika Kusini walianza kulima mahindi ya Bt, yaani ya GMO yenye sumu ya kuua bungua, mwaka 1998, na kufikia 2007 ikaripotiwa kwamba bungua bua, Busseola fusca, ambaye ndo huyu huyu anatoboa mahindi yetu ya nyanda za juu, ameanza kustahimili, sababu moja ikiwa wakulima hawakuacha sehemu ya mahindi ya kawaida ya kufugia wadudu wasiozoea hiyo sumu. Mtaalamu mzuri hapo atakaa vizuri kwenye kiti na kuanza kuongea kweli. Anayekasirika, mshukuru na umsindikize.

La mwisho ni mbegu zenu za asili, na hapa muwe macho bila kuwa wachoyo. Mtafiti atazitaka, mpunga wa Kyela, maharage ya bibi zetu, kwasababu ndani yake kunaweza kuwa na uvumilivu wa magonjwa ambao yeye anautafuta kwenye kuchanganya. Mpeni, ila muulizeni inaenda wapi, itaandikwa kwa jina gani na kijiji gani, je nakala itawekwa kwenye benki ya mbegu ya taifa kule Arusha, na kikitoka kitu kipya sisi tutarudishiwa nini, hata kama ni kilo kumi za mbegu. Aandike, asaini, nakala ibaki kwa katibu. Nchi yetu ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu, ya sasa ni ya 2012, mgunduzi anaandikishwa na analindwa, kwahiyo na nyie karatasi yenu iwepo. Na msitoe yote. Yule yule babu wa yuria ndo alileta maharage yake ya madoa kwenye kopo la maziwa, yote aliyobaki nayo, akataka kumpa daktari kopo zima, tukamzuia. Gawa nusu kwa nusu. Nusu inayobaki nyumbani ikaushwe vizuri kivulini, itiwe kwenye chupa kavu na majivu, ijazwe mpaka juu hewa isibaki, kifuniko kikazwe, jina na mwaka viandikwe kwenye plasta.

Mwenye swali la zao lake aseme yuko kata gani kwanza, ndo nijue nimuelekeze wapi.